KINGA YA MIKONO: PIMA MWILI KWANZA, KIISHA KATA CHUMA

Leo tunataka kukufundisha habari ya kinga ya magurudumu matatu, ile ambayo mutu anaiendesha kwa mikono. Unaijua. Kwa miaka mingi wafanya biashara walemavu wa Goma wamevusha unga na mizigo mingine juu ya kinga za namna hii mpaka Gisenyi. Kinshasa nako walipanda nazo katika mashua ya kuvuka muto kwenda Brazzaville. Wengi wao walipata polio walipokuwa watoto. Wengine walivunjika uti wa mugongo kwa ajali ao kwa risasi, wengine walikatwa muguu, wengine walipata ukoma.

Kwa mutu kama huyu kinga si chuma tu. Ni miguu yake, ni duka lake, ni njia yake ya kufika kanisani. Lakini kuna neno la huzuni tunaloona katika hospitali. Mugonjwa anatoka na kinga mupya, jamaa wanaimba kwa furaha. Baada ya majuma machache anarudi na kidonda kikubwa kwenye matako. Kinga ilikuwa nzuri, lakini haikutengenezwa kwa mwili wake. Kidonda kile kinaweza kufika mufupani, kikaingiza ugonjwa katika damu na kuua mutu. Ndiyo sababu tunasema: pima mwili kwanza, kiisha kata chuma.

1. MWILI WAKE UNASIKIA AO HAUSIKII?

Hii ni ulizo la kwanza, mbele ya kwenda kwa fundi.

Mutu wa polio: ugonjwa uliharibu mishipa inayoamuru nyama za mwili, lakini mishipa ya kusikia haikuharibika. Miguu imelegea, lakini inasikia maumivu, moto na baridi. Akikaa vibaya, maumivu yatamwambia ageuke.

Mutu aliyevunjika uti wa mugongo: mara nyingi hana nguvu na tena hasikii. Anaweza kukaa juu ya musumari bila kujua. Kwake kiti na muto wa kukalia ni dawa sawa na dawa ya chupa.

Mutu wa ukoma: hata akiisha kupona, vidole vyake pengine havisikii. Chuma cha pedali kitamuchubua naye haoni. Funga pedali zake kwa kitambaa kinene ao kwa mupira laini, na umufundishe kutazama mikono yake kila jioni.

Mutu aliyekatwa miguu yote miwili: uzito wa miguu haupo tena mbele, kwa hiyo kiti chake kinaweza kuanguka kinyumanyuma. Mwambie fundi asogeze magurudumu ya nyuma nyuma zaidi kidogo kuliko ya wengine.

2. KUPIMA

Chukua mita ya mushona nguo, na kama hakuna, kamba itatosha. Mutu akae sawasawa juu ya ubao mugumu, mugongo wake ukiegemea ukuta. Andika vipimo hivi katika karatasi, umupelekee fundi:

a) Upana wa matako. Kiti kiwe sawa na kipimo hiki, kisimubane. Kikiwa kipana sana, ataegemea upande mumoja siku zote, na mugongo utapinda.

b) Toka nyuma ya matako mpaka nyuma ya goti. Toa vidole vitatu, karibu sentimeta 5. Urefu unaobaki ndio urefu wa kiti toka nyuma kwenda mbele. Kikiwa kirefu kuliko hapo, kitabana nyuma ya goti na atateleza mbele.

c) Toka nyuma ya goti mpaka chini ya kisigino. Hapa unajua mahali pa kuweka ubao wa miguu. Ukiwa chini sana, miguu inaning'inia na kumuvuta mbele. Ukiwa juu sana, magoti yanapanda na uzito wote unaangukia mifupa ya matako. Paja lazima lilale lote juu ya kiti. Usisahau kuhesabu unene wa muto wa kukalia.

d) Urefu wa mikono. Pedali ikiwa mbali kabisa, kiwiko kiwe kimepinda kidogo, na mugongo ubaki umeegemea kiti. Kama analazimishwa kuinama ili kuifikia, mabega yataharibika. Pedali zizunguke mbele ya kifua, na zikifika juu zisimufunike macho.

Mutoto anakua. Mupime tena kila mwaka, na umwombe fundi aache matundu mengi katika chuma cha ubao wa miguu, kusudi uweze kuushusha.

3. KITI NA MUTO WA KUKALIA

Ubao mutupu haufai, na gunia lililokunjwa halifai. Kata vipande viwili vya matela: kigumu kinakaa chini, laini kinakaa juu. Vishone ndani ya kitambaa kinachofunguka ili kifuliwe. Juu ya mukojo na mvua, weka plastiki laini chini ya kitambaa bila mikunjo.

Kiisha ujaribu hivi: mutu akiwa amekaa, ingiza mukono wako chini ya tako lake, kiganja kikitazama juu, mpaka usikie mufupa. Kama ncha za vidole zinaweza kusogea kidogo, muto ni muzuri. Kama vidole vyako vimebanwa kabisa, muto ni mwembamba ao umeisha kuchoka. Badilisha.

Lakini hata muto muzuri hautoshi. Mutu asiyesikia lazima apunguze uzito mara kwa mara. Kila nusu saa asimamishe kinga, ainame mbele mpaka kifua kikaribie magoti, abaki hivyo dakika moja ao mbili. Pengine atasema: "Mama Munganga, niko na wateja, nitapata wapi wakati?" Umujibu kwa upole: dakika mbili sasa, ao miezi kitandani baadaye.

Asubuhi na jioni atazame ngozi yake kwa kioo, ao mutu wa nyumbani amusaidie. Juu ya ngozi nyeusi, wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipo peusi zaidi, ao penye moto, ao pagumu kuliko pengine. Ukipaona, asipakalie tena mpaka pawe sawa na ngozi ingine. Ngozi ikifunguka, aje hospitali mara moja.

4. PEDALI, SHENI NA FRENI

Mutu anayeendesha kwa mikono anatumia mabega kufanya kazi ya miguu. Mabega yakichoka kabisa, hana miguu mingine. Kwa hiyo tazama magurudumu ya meno yanayobeba sheni. Kama lile la juu, la pedali, ni kubwa sana kuliko la chini, kinga inakimbia mahali sawasawa, lakini mulimani mikono inashindwa. Kwa mutu wa Bukavu, mahali pa milima, fundi aweke dogo juu. Kwa mutu wa Goma, mahali pengi pa muji ni sawasawa, lakini mawe ya volkano yanatikisa mwili wote. Yeye anahitaji muto munene zaidi na pine pana.

Juu ya kinga nyingi, ukiacha kuzungusha pedali, magurudumu yanaendelea. Maana yake, mikono haiwezi kusimamisha kinga kwenye muteremuko. Freni ni lazima! Kipande cha mupira kinachobana pine kinateleza wakati wa mvua. Freni mbili ni bora kuliko moja, na mukono wa freni ukae mahali anapoufikia bila kuachilia pedali zote mbili. Tena kuwe na kifungo cha kuzuia magurudumu wakati anapanda na kushuka. Watu wengi wanaanguka wakati huo, si njiani.

5. MIGUU, MUZIGO NA ABIRIA

Miguu isiyosikia isiachwe kuning'inia. Ubao wa miguu uwe na ukingo pande zote, na mushipi laini nyuma ya visigino. Funika vyuma vyembamba vya gurudumu kwa bati lililokunjwa makali yake, kusudi muguu ao kitambaa cha mama kisiingie. Kama kinga imetiwa motere, angalia bomba la moshi. Muguu usiosikia utaungua mpaka mufupani, na mwenyewe atajua tu kwa harufu.

Muzigo: uweke chini, kati ya kiti na magurudumu ya nyuma. Ukiuweka nyuma sana, gurudumu la mbele linainuka. Na kwa kuwa sheni ya kinga nyingi inazungusha lile la mbele, litazunguka bure ndani ya matope.

Mutoto anayesafiri pamoja na mama ao baba yake akae katika sanduku lenye kingo, amefungwa mushipi, mikono mbali na magurudumu. Na yule kijana anayesukuma nyuma afundishwe mahali freni ilipo. Asiachilie kinga kwenye muteremuko hata siku moja.

6. MOTOKARI NA MOTO

Mutu asiye na nguvu za miguu anaweza kuendesha motokari pia. Fundi anaweka chuma cha mukono kilichoungana na pedali: akikisukuma, freni inafunga, akikivuta, mafuta yanaingia. Motokari ya otomatiki inafaa zaidi, maana haina pedali ya kushoto. Lakini hii ni kazi ya fundi anayeijua. Fimbo iliyofungwa kwa kamba kwenye pedali inaweza kuua watu.

Kwa abiria, tengeneza ubao laini wa karibu sentimeta 60, kingo zake zimeviringwa. Weka upande mumoja juu ya kiti cha kinga na mwingine juu ya kiti cha motokari, yeye ateleze polepole. Usimukokote, maana ngozi inapasuka. Muto wake wa kukalia usafiri chini yake, si nyuma pamoja na mizigo. Juu ya moto, mutu asiyesikia miguu yuko katika hatari ya kuanguka na ya kuungua kwa bomba. Mutafutie njia ingine.

7. PUNDA WA MEFIBOSHETHI

Katika 2 Samweli sura ya 4 tunasoma juu ya Mefiboshethi. Alikuwa na miaka 5 wakati mulezi wake alipokimbia naye vitani. Mutoto akaanguka, miguu yake yote miwili ikalemaa. Katika sura ya 19, Mfalme Daudi anamwuliza kwa nini hakwenda pamoja naye alipokimbia Yerusalemu. Mefiboshethi anajibu kwamba alitaka kutandikiwa punda apande, lakini mutumishi wake Siba alimudanganya. Moyo wake ulikuwa tayari. Kitu kilichokosekana ni punda aliyetandikwa, na kwa ajili hiyo watu walimwita musaliti.

Ndugu, tusifanye kama Siba. Mara nyingi tunasema mulemavu ni muvivu, hapendi kazi, hapendi kanisa. Tuulize kwanza: kinga yake ni ya kipimo chake? Mulango wa kanisa una ngazi tupu, ao tumejenga mahali pa kupandisha magurudumu? Serikali yenyewe, kwa sheria ya tarehe 3 Mei 2022, imeweka ulinzi wa haki za watu wenye ulemavu katika Kongo. Kanisa lisibaki nyuma.

USISAHAU

– Uliza kwanza kama mwili unasikia.
– Peleka vipimo vine kwa fundi, na mwenyewe aende ajaribu kiti mbele ya kupakwa rangi.
– Muto wa kukalia si mapambo.
– Kila nusu saa kuinama mbele. Asubuhi na jioni kutazama ngozi.
– Freni, kifungo cha magurudumu, ubao wa miguu wenye ukingo: kama kimoja hakipo, kinga haijaisha.

Kata ao chora karatasi ya vipimo, uibandike katika karakana ya fundi wa muji wako. Na kama unajua mutu aliyefungiwa nyumbani kwa kukosa njia ya kutoka, umwendee juma hili pamoja na mita yako.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.