Difu ya Mbele Ivujapo Mafuta

Apitaye njia za Kitui na Makueni ajua ya kuwa barabara nyingi huko hukata mito ya mchanga. Wakati wa kiangazi mito ya Tiva na Thwake huwa mchanga mtupu katika sehemu nyingi. Mvua za Novemba zikinyesha, mto hujaa kwa saa chache. Ndiyo sababu magari yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, kama Land Rover iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, yamepata sifa katika nchi kavu.

Lakini gari la namna hiyo lina difu mbili, na ile ya mbele husahauliwa. Wengi hudhani kuwa haifanyi kazi mpaka dereva aunganishe magurudumu ya mbele. Sivyo. Kama gari halina kifaa cha kuyaachanisha magurudumu hayo na ekseli, meno ya difu huzunguka safari nzima, na yakikosa mafuta yatakwisha.

Basi, ukiona doa chini ya gari asubuhi, usikimbilie kununua sili mpya. Kwanza ujue mafuta yatoka wapi. Mafuta ya injini yaweza kudondokea ekseli yakakudanganya. Mafuta ya difu ni mazito na yana harufu kali. Ya breki ni mepesi. Osha difu yote kwa brashi na mafuta ya taa, uifute, kisha uendeshe gari kilomita 10 hivi. Lisimamishe mahali pa sawa, uyazuie magurudumu kwa mawe, wala usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kisha tazama mahali panne.

Kwanza, tundu la kupumulia juu ya ekseli. Difu ikipata moto, hewa iliyomo hutanuka. Tundu likizibwa na tope la mtoni, hewa husukuma mafuta nje hata kama sili ni nzima. Kulisafisha hakugharimu hata senti moja.

Pili, kiasi cha mafuta. Fungua nati ya kujazia: katika magari mengi mafuta yapasa kufika ukingo wa chini wa tundu. Yakizidi, yatatafuta njia ya kutoka. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, yamwage yote.

Tatu, mahali shafti inapofungwa kwenye difu. Mafuta yaliyorushwa kwa duara hushuhudia sili mbovu. Kabla ya kuibadilisha, shika kitako cha shafti pale kwenye difu ukitikise. Kikicheza, beringi zimekwisha, na sili mpya haitadumu.

Nne, miisho ya ekseli, nyuma ya magurudumu. Hapa ndipo penye hatari kubwa, maana mafuta yakifika kwenye breki, breki hazishiki. Gari lililojaa embe na watu, likishuka vilima vya Mbooni bila breki, halina msaada. Likionekana hivyo, lisiondoke mpaka fundi amelitengeneza.

Kazi hii yote ni ya asubuhi moja, na vyombo vyake ni brashi, spana na macho. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa difu ni ghali.