Kwa Nini Mashine Mpya ya Maabara Haianzi Kazi Siku Inapofika

Mashine ya GeneXpert inapofikishwa katika kituo cha afya, wananchi hutarajia kupimwa siku ileile. Wiki zinapopita bila huduma kuanza, maswali husikika katika mikutano ya kata. Maswali hayo ni ya haki, na makala haya yanayajibu.

Mashine hiyo hupima makohozi na kugundua vimelea vya kifua kikuu kwa takriban saa mbili. Hubaini pia iwapo vimelea hivyo ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huo. Hata hivyo, kasi hiyo haina manufaa endapo jibu si sahihi. Mgonjwa anayeambiwa hana ugonjwa ilhali anao, hurudi nyumbani na kuendelea kuwaambukiza wanawe.

Kwa sababu hiyo, kuanzisha kipimo ni mradi wenye hatua, na kila hatua huwa na msimamizi wake.

Hatua ya kwanza ni chumba na umeme. Joto la chumba halipaswi kuzidi nyuzi 30. Betri ya akiba ni ya lazima, kwani umeme ukikatika kipimo kikiwa kinaendelea, kipimo hicho hupotea pamoja na katriji yake, ambayo hutumika mara moja tu.

Hatua ya pili ni mafunzo na uhakiki. Wataalamu hupima kwanza sampuli ambazo majibu yake yanajulikana. Majibu ya mashine yakitofautiana na hayo, huduma haianzi hadi chanzo kipatikane.

Hatua ya tatu ni ugavi. Katriji huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 28 na zina tarehe ya ukomo. Zikiagizwa nyingi mno, huharibika ghalani. Zikiagizwa chache, mashine husimama.

Hatua ya nne ni usafirishaji. Sharti ijulikane ni nani atakayeleta sampuli kutoka zahanati za vijijini, siku zipi, na nani atakayerudisha majibu. Mradi haukamiliki mashine inapowashwa, bali mgonjwa anapopata jibu sahihi kwa wakati na kuanza matibabu.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, fika kituoni mapema. Toa makohozi kutoka kifuani, si mate. Acha namba ya simu inayopatikana, na uulize siku ya kupokea majibu. Uchunguzi wa kifua kikuu katika vituo vya umma hutolewa bila malipo.

Majibu yakichelewa, muone Mganga Mfawidhi, au wasilisha hoja yako kwa Kamati ya Usimamizi wa Kituo, ambamo wananchi wana wawakilishi wao. Kuuliza si kulalamika. Ni kushiriki katika kuisimamia huduma iliyo mali yetu sote.