Fremu ya pili au ya saba? Hesabu ya kutafuta mahali pa kupanga Tandale

Kamati ya parokia inapopata fedha za kuanzisha mradi, kazi ya kwanza huwa ni kutafuta mahali. Kwa Tandale, katika Manispaa ya Kinondoni, mahali hapo mara nyingi ni fremu ya kupanga. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye hutaka chake. Ukikosea, fedha za wafadhili zimeshaondoka.

Kamati moja tunayofanya nayo kazi ilitafuta fremu kwa ajili ya akina mama washonaji wenye vyerehani vinne. Fremu ya kwanza ilikuwa na giza. Ya pili ilikuwa nzuri, karibu na kituo cha daladala, lakini mama mwenyekiti akamwambia dalali, "Mwanangu, tuache tukashauriane Jumapili." Kijana akajibu, "Sawa mama, ila sikuahidi." Jumatatu waliikuta imeshapangwa, imejaa magunia ya mkaa. Wakaona nyingine sita, kila moja wakiilinganisha na ile iliyowaponyoka, na mwishowe wakachukua ya nane kwa sababu miguu ilikuwa imechoka.

Je, walikosea wapi? Swali hili wanahisabati wamelishughulikia kwa miaka mingi. Lilienea mwaka 1960, Martin Gardner alipoliandika kama fumbo katika jarida la Scientific American la Marekani, na mwaka 1961 Dennis Lindley wa Uingereza akachapisha ufumbuzi wake. Masharti yake yanafanana sana na ya Tandale: unaona kimoja kimoja, unaamua papo hapo, na ulichokiacha hukipati tena.

Tuanze na fremu tatu tu: nzuri kuliko zote, ya kati na mbaya. Zinaweza kuja kwa mipangilio sita. Ukichukua ya kwanza bila kuangalia nyingine, utaipata iliyo bora katika mipangilio miwili kati ya sita. Sasa fanya hivi: ya kwanza iangalie tu, usiilipie, kisha chukua ile itakayofuata na kuizidi. Ukiihesabu mipangilio yote sita kwa kalamu, utaona umeipata iliyo bora mara tatu, yaani nusu. Hukuongeza hata shilingi. Ulichofanya ni kuitumia ya kwanza kama kipimo.

Fremu zikiwa nyingi, kanuni ni ileile: angalia takriban asilimia 37 ya mwanzo bila kuchukua, halafu chukua ya kwanza inayozizidi zote ulizokwisha kuona. Kwa fremu kumi, hiyo ni kuangalia tatu. Nafasi ya kuipata iliyo bora inakuwa karibu asilimia 40, wakati anayechukua kwa kubahatisha ana asilimia 10 tu.

Hapa tuwe wakweli kwa wafadhili wetu. Asilimia 40 maana yake ni kwamba mara nyingi zaidi hutaipata iliyo bora. Katika mara 30 kwa kila mia, iliyo bora itakuwa miongoni mwa zile tatu ulizoziacha. Utaendelea kuzunguka mpaka ya kumi na utalazimika kuichukua hiyo hiyo, iwe na bati lililotoboka au la. Katika mara nyingine 30 utachukua inayozizidi zile tatu, kumbe bora zaidi ilikuwa mbele. Hakuna kanuni nyingine inayoshinda hii kwa masharti hayo. Lakini kama kamati inaridhika na fremu nzuri, hata isiwe bora kupita zote, hesabu inasema usiangalie nyingi hivyo: kati ya 16, tatu za kipimo zinatosha. Na kwa kuwa kila mzunguko una nauli na hela ya dalali, sisi tungesimama mapema zaidi.

Mwanafalaki Johannes Kepler, baada ya kufiwa na mke mwaka 1611, alifikiria wanawake 11 kwa karibu miaka miwili, kisha mwaka 1613 akamwoa wa tano. Kwa watu 11 kanuni inasema waache wanne. Kama wa tano aliwazidi hao wote, angemaliza siku hiyo na kuokoa muda mwingi. Yeye alibahatika kwamba wa tano alikuwa bado anamsubiri. Fremu za Tandale hazisubiri.

Kamati ile, basi, haikukosea kuiacha fremu ya pili. Kwa fremu nane, tatu za mwanzo ni za kipimo. Kosa ni kwamba haikuwa na mtu mwenye ruhusa ya kulipa siku ileile. Hali kadhalika sisi wenyewe tuna lawama, maana taratibu zetu hudai bei tatu kwa maandishi kabla ya malipo, kana kwamba ya kwanza itasubiri ya tatu ifike. Tunapendekeza kamati ikutane kabla ya kutafuta, ikubaliane kiwango cha juu cha kodi na idadi ya fremu za kipimo, na iwape wajumbe wawili idhini ya kulipa. Fremu za kipimo ziandikwe kwenye daftari pamoja na kodi na kasoro zake. Daftari hilo ndilo mfadhili atakaloonyeshwa.

Jambo moja hesabu hailioni. Inadhani kwamba ukiiangalia fremu umeshaijua. Mto Ng'ombe unapita Tandale, na fremu iliyo kavu Januari inaweza kuwa na maji ya magotini masika yakifika. Kwa hiyo tazameni ukuta kwa chini kama kuna alama ya maji au rangi iliyopakwa juzi, na muulizeni mama anayeuza vitumbua jirani kabla ya kumuuliza dalali.