Umbali Unaoua, Umbali Unaosahaulisha

Katika nyika ya Australia, mbali na mji wowote, yametawanyika makaburi ya mtu mmoja mmoja, mengi ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Wamelala humo wachunga ng'ombe, mafundi wa telegrafu, wachimba dhahabu na watoto wa miezi michache. Maelezo ya kawaida juu yao ni mafupi: nchi ilikuwa kali, walowezi walikuwa majasiri, na wengine nchi iliwashinda. Sura hii inatetea maelezo tofauti. Kilichowaua wengi wao ni umbali uliowatenga na watu ambao wangeweza kuwasaidia, na umbali huohuo, ukipimwa kwa namna nyingine, ndio ulioamua nani apate kaburi lenye jina na nani asipate hata shimo. Ukali wa nchi ni sehemu ya habari, lakini ukiachiwa ueleze kila kitu unaficha mambo mawili: kwamba nchi hiyo ilikuwa na wenyewe, walioishi humo kwa makumi ya maelfu ya miaka, na kwamba makaburi yanayoonekana leo hayawawakilishi kwa haki wote waliokufa.

Tuanze na James Poole, msaidizi mkuu wa Kapteni Charles Sturt katika msafara ulioondoka Adelaide mwaka 1844 kutafuta bahari ambayo Sturt aliamini iko katikati ya bara. Mwanzoni mwa 1845 ukame uliwanasa Depot Glen, karibu na ulipo leo mji mdogo wa Milparinka, wakakaa hapo miezi sita. Maji hapo yalikuwapo; ndiyo maana hawakuthubutu kupaacha. Kondoo wa kuchinja walikuwapo pia. Poole alikufa mwezi Julai kwa kiseyeye, ugonjwa unaotokana na kukosa vitamini C, wakati mvua iliyowafungulia njia ilikuwa imekwisha kunyesha. Wenzake walimzika chini ya mti na kuchonga shinani herufi za jina lake na mwaka. Kiseyeye si ugonjwa wa jangwa. Ni ugonjwa wa mabaharia na wa kila anayeishi kwa akiba aliyoibeba kutoka mbali. Sturt mwenyewe aliugua, na nafuu yake baadaye ilitokana na matunda madogo machachu ya porini aliyochumiwa na daktari wa msafara. Dawa, basi, ilikuwa ikiota katika nyika ileile inayolaumiwa kwa kifo cha Poole.

Miaka 16 baadaye habari hiyo ilijirudia, safari hii kwa kishindo. Robert O'Hara Burke na William John Wills waliondoka Melbourne Agosti 1860, wakalivuka bara hadi karibu na ghuba ya kaskazini, na wakarudi kwenye kituo chao cha Cooper Creek jioni ya tarehe 21 Aprili 1861. Wenzao waliokuwa wakiwangoja hapo walikuwa wameondoka asubuhi ya siku hiyohiyo. Kisa hicho cha saa chache ndicho kinachosimuliwa mno, lakini kinachofundisha zaidi ni kilichofuata. Wote wawili walikufa kando ya mto wenye maji na samaki, wamezungukwa na Wayandruwandha waliokuwa wakiishi hapo bila shida hiyo. Chakula chao kikubwa siku za mwisho kilikuwa unga wa nardoo, mmea wa majini. Watafiti wa karne ya 20 walieleza kwamba nardoo ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Wenyeji walijua namna ya kuiandaa, tena waliila pamoja na vyakula vingine, ilhali wageni waliiga nusu tu ya mapishi. Burke alikuwa amewafukuza wenyeji kwa risasi. Mwenzao John King, alipobaki peke yake, alikwenda kuwaomba haohao hifadhi. Walimlisha na kumtunza kwa zaidi ya miezi miwili, hadi kikosi cha uokoaji kilipomkuta hai Septemba 1861. Watatu hao walikuwa mahali pamoja na katika njaa moja, na aliyepona ni yule aliyekubali kusogea karibu na wanaoijua nchi.

Mtu anaweza kuuliza: na kiu je? Kiu iliua kweli, na hakuna hoja itakayoigeuza nyika ya Australia kuwa bustani. Hata Desemba 1963, katika zama za magari, familia ya watu watano ilipotea na kuishiwa petroli kwenye njia ya Birdsville, ikafa kwa kiu, na ikazikwa hukohuko katika kaburi moja. Lakini maji ya nyikani huwa yamejificha katika vidimbwi vya miambani na chini ya mchanga wa mito mikavu, na elimu ya kuyapata ilikuwa mali ya koo zilizoirithishana kizazi hadi kizazi. Walowezi walilijua hilo vizuri. Alfred Canning alipopima njia ya kupitishia ng'ombe katika majangwa ya Western Australia mwaka 1906 na 1907, aliwafunga wenyeji minyororo ili wamwonyeshe maji, na mwaka 1908 matendo yake yalijadiliwa mbele ya tume ya uchunguzi. Mnyororo ule ni ushahidi dhidi ya dhana ya nchi isiyokalika. Asingehitaji kumfunga mtu kama maji yasingekuwapo, wala kama kusingekuwa na anayejua yalipo.

Tukiacha njaa na kiu, vifo vingi vya nyikani vilitokana na maradhi na ajali za kawaida mno. Dhahabu ilipogunduliwa Coolgardie mwaka 1892, maelfu ya wanaume walikusanyika mahali pasipo na maji ya kutosha wala vyoo vya maana. Homa ya matumbo, ambayo huenezwa na kinyesi cha binadamu kinapoingia katika maji na chakula, iliua mamia katika machimbo hayo. Wengine walizikwa bila mtu kujua majina yao. Wachimbaji walikuja na ugonjwa huo wenyewe, na ulianza kudhibitiwa kwa mifereji, hospitali na maji safi. Bomba lililobuniwa na mhandisi C. Y. O'Connor, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, lilifikisha maji kutoka karibu na pwani mwaka 1903. Kisa cha Jimmy Darcy kinalionyesha jambo hilo kwa mtu mmoja. Mwaka 1917 mchunga ng'ombe huyo aliumia vibaya karibu na Halls Creek. Mkuu wa posta, Fred Tuckett, asiye daktari, alimpasua kwa kisu kidogo cha mfukoni bila dawa ya usingizi, akiongozwa kwa alama za Morse na Dk. Joe Holland aliyekuwa Perth, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Holland mwenyewe alisafiri kwa meli ya ng'ombe, gari na farasi, karibu wiki mbili, akafika Darcy ameshafariki. Upasuaji ule ulikuwa umefaulu. Malaria ambayo hakuna aliyeigundua ilikuwa miongoni mwa yaliyomuua. Mchungaji John Flynn alikitumia kisa hicho kudai huduma ya matibabu kwa ndege, na Mei 1928 madaktari wa anga walianza kazi huko Cloncurry. Ukame na joto havikupungua mwaka huo. Kilichopungua ni saa za kungoja daktari.

Hapa ndipo umbali unaanza kufanya kazi yake ya pili. Kaburi lenye alama si matokeo ya kifo peke yake, kwa sababu lazima awepo mtu wa kuzika, wa kuchonga jina, wa kupeleka habari, na baada ya miaka mingi wa kurudi kutengeneza. Aeneas Gunn, meneja wa ranchi ya Elsey kaskazini mwa Australia, alikufa mwaka 1903 kwa malaria na kuhara damu. Mjane wake Jeannie alichapisha mwaka 1908 kitabu kuhusu maisha ya ranchi hiyo, nacho kikapendwa nchi nzima. Kwa nguvu ya kitabu hicho, kaburi la Gunn likawa makaburi: mabaki ya watu waliotajwa humo yalihamishiwa Elsey, akiwamo Henry Peckham, mbeba barua aliyezama katika Mto Victoria mwaka 1911, mbali sana na hapo. Wabeba barua wengine waliokufa kazini hawakuandikwa kitabuni na hawakuhamishwa. Burke na Wills nao walifukuliwa na kupelekwa Melbourne, wakazikwa Januari 1863 kwa mazishi ya kitaifa chini ya jabali kubwa la mawe ya matale. Katika msafara uleule alikuwamo Dost Mahomet, mmoja wa waendesha ngamia walioletwa kutoka Bara Hindi. Aliishia Menindee, mkono mmoja haufanyi kazi tena kwa sababu ya kushambuliwa na ngamia, na kaburi lake, lililoelekezwa kibla, liko peke yake nje ya mji huo. Huko Marree, kituo kikuu cha misafara ya ngamia, hata makaburi yalitengwa: Wazungu upande wao, Waislamu waendesha ngamia upande wao, na wenyeji asilia upande wao.

Ushahidi ulio mzito zaidi unatoka mahali walowezi na wenyeji walipouana. Tarehe 22 Februari 1874 watu wa kabila la Kaytetye walikishambulia kituo cha telegrafu cha Barrow Creek. Mkuu wa kituo James Stapleton na fundi wa waya John Franks walikufa. Kabla ya kukata roho, Stapleton alimtumia mkewe aliyekuwa Adelaide salamu za kuagana kwa waya uleule aliokuwa akiulinda. Makaburi ya wawili hao yapo hadi leo, yana uzio na majina. Kisha kikosi cha kulipiza kisasi kilizunguka nchi ya Wakaytetye kwa wiki kadhaa, na waliouawa, ambao idadi yao ilipunguzwa katika taarifa rasmi, hawana kaburi hata moja linalojulikana. Katika njia ya Canning, Michael Tobin na mwenyeji aliyemchoma mkuki walidhuriana hadi kufa mwaka 1907. Tobin alipata msalaba wa marumaru, uliosafirishwa hadi katikati ya jangwa. Mwenzake katika kifo hakupata kitu. Mwaka 1928 mtega mbwamwitu Fred Brooks aliuawa katika eneo la Coniston, akazikwa palepale. Msako wa polisi uliofuata uliua watu 31 kwa hesabu ya serikali, na wengi zaidi kwa hesabu ya wanahistoria na ya Wawarlpiri, wenyeji wa eneo hilo. Wafu hawa walikuwa nyumbani kwao, karibu na jamaa zao. Hata hivyo walikuwa mbali kuliko Stapleton, kwa maana hakuna waya, gazeti wala ofisi iliyokuwa tayari kupokea majina yao.

Kuna pingamizi la maana hapa: wenyeji asilia hawakuwa na desturi ya mawe ya kaburi, kwa hiyo kukosekana kwa mawe hakuthibitishi dhuluma. Desturi zilikuwa tofauti, ni kweli, lakini hazikukosekana. Katika Ziwa Mungo yamefukuliwa maziko ya watu yenye umri wa miaka ipatayo 40,000, miongoni mwa ya kale zaidi duniani yanayoonyesha mwili ulioandaliwa kwa makusudi. Wawiradjuri walichonga miti kuzunguka makaburi ya watu wao mashuhuri. Karibu na Molong yupo Yuranigh, kiongozi wa njia wa mpima ardhi Thomas Mitchell, aliyefariki mwaka 1850: kaburi lake lina miti iliyochongwa na watu wake na pia jiwe alilowekewa na Mitchell. Yuranigh anathibitisha kwamba desturi hizo mbili ziliweza kukaa pamoja, na kwamba jiwe lilipatikana kwa aliyewatumikia wapimaji. Waliouawa katika visasi hawakunyimwa jiwe la Kizungu pekee. Huko Myall Creek mwaka 1838, watu wapatao 28 waliuawa na miili yao ikachomwa moto ili ushahidi usionekane. Walinyimwa pia maziko ya kwao.

Pingamizi la mwisho ni la huruma: je, hoja hii haiwadhulumu walowezi, ambao wengi wao walikuwa vibarua maskini waliokufa bila mama wala mke kando yao? Haiwadhulumu. Inaeleza kwamba mchunga ng'ombe alikufa kwa kukosa daktari, si kwa kukosa ujasiri wala kwa laana ya ardhi, na hilo linamrudishia ubinadamu ambao ngano za mashujaa humnyang'anya. Kuheshimu upande mmoja hakulazimu kuufuta mwingine, na mfano upo kwenye kaburi la Flynn huyohuyo. Alifariki mwaka 1951, na majivu yake yakazikwa karibu na Alice Springs chini ya jiwe kubwa la mviringo lililochukuliwa Karlu Karlu, mahali patakatifu pa Wawarumungu na Wakaytetye, bila ridhaa yao. Baada ya miaka mingi ya madai jiwe lilirudishwa mwaka 1999, na Waarrernte, wenye nchi alimozikwa, wakatoa jingine mahali pake. Flynn hakupungukiwa na heshima. Alichopewa sasa kilitolewa kwa hiari.

Kazi ya siku hizi inafuata njia mbili. Watu wa kujitolea hupitia rejista za vifo na magazeti ya zamani, kisha huweka vibao vya majina kwenye makaburi yaliyosahaulika. Nao wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Newcastle, wakiongozwa na Lyndall Ryan, walianza mwaka 2017 kuchapisha ramani ya mauaji ya halaiki ya enzi ya ukoloni. Njia ya kwanza inategemea kumbukumbu ambazo tangu awali ziliandika wengine na kuwaacha wengine, hivyo kibao kipya, ingawa ni tendo la wema, huongeza majina upande uleule. Anayetaka kujua nani alikufa nyikani na kwa nini inampasa azisome kumbukumbu hizo mbili pamoja, na kila anapokuta kaburi lililotunzwa vizuri aulize ni nani aliyekuwa na uwezo wa kulitunza, na katika mwaka huohuo, katika eneo hilohilo, nani mwingine alikufa bila mtu wa kumwandika.