Jina Lako Huko CRB



Katika chama, mweka hazina akifungua daftari anajua nani hulipa kwa wakati na nani husumbua. Mabenki nayo yana daftari lao. Tangu mwaka 2010 Benki Kuu ya Kenya imetoa leseni kwa kampuni za kuweka kumbukumbu za mikopo, kama TransUnion, Metropol na Creditinfo. Sisi huziita CRB.

Watu husema, "Fulani ameingia CRB," kana kwamba ni jela. Sivyo! Kila anayekopa benki yumo, mlipaji mzuri na mbaya pia. Kutokana na kumbukumbu hizo mkopaji hupewa alama. Kwa Metropol ni kuanzia 200 hadi 900. Zikipanda, unaaminika zaidi.

Tuseme mama mmoja wa Molo alikopa benki shilingi 3,000 kwa simu, anunue mbegu za viazi. Akalipa nusu, nusu akasahau. Siku 90 zikipita, deni huhesabiwa kuwa bovu, na benki yaweza kulipeleka CRB baada ya kumjulisha. (Tangu kanuni za 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi.) Baadaye anaomba mkopo wa ng'ombe wa maziwa. Ofisa anatazama kompyuta, anakuta lile deni. Sheria haisemi mama anyimwe, lakini benki yaweza kukataa.

Basi, dawa ya deni ni kulipa. Akilipa, itaandikwa kwamba amemaliza, ingawa habari ya kuchelewa hubaki miaka 5. Na kwa asiye na hati ya shamba, jina zuri ni mali.

Mambo ya kufanya:

1. Omba ripoti yako CRB. Ni haki yako kuipata bure mara moja kwa mwaka.
2. Ukikuta deni ambalo si lako, au ulishalilipa, lalamika kwa CRB na kwa benki. Peleka risiti au ujumbe wa simu.
3. Usikubali mtu akope kwa laini yako. Deni litakuwa lako.
4. Usimpe pesa anayeahidi "kukusafishia jina".

Maswali ya kujadili kikundini:

- Ni wangapi kati yetu wameona ripoti zao?
- Kabla ya kumdhamini mwenzetu, tumuulize nini kuhusu madeni ya simu?
- Mwenzetu akikwama kulipa, tutamsaidiaje kabla siku 90 hazijaisha?