Afya ya uzazi: Kuosha ndani ya uke kunafukuza walinzi wa kizazi

Hapa Goma, kuna wasichana wengi wanaofundishwa na wakubwa wao kwamba mwanamke safi ni yule anayejiosha mpaka ndani. Wengine wanatumia sabuni, wengine maji ya chumvi, ndimu ama majani. Na mama akikawia kushika mimba, anaambiwa kizazi chake ni kichafu, aoshe zaidi. Lakini sayansi inaonyesha kinyume.

Walinzi wenyewe ni nani?

Ni bakteria, vijidudu ambavyo macho hayawezi kuona. Si vyote vinaleta ugonjwa. Mwaka wa 1892, daktari Mjerumani Albert Döderlein aliandika juu ya bakteria wanaoishi ndani ya uke wa wanawake wenye afya. Leo wanaitwa laktobasili. Ndugu zao ndio wanaochachisha maziwa mpaka yanakuwa mashanza. Wanakula sukari inayotoka kwenye ngozi ya ndani ya uke, kisha wanatoa asidi. Asidi hiyo inazuia vijidudu vibaya kuzaana.

Sabuni inaua nguvu ya asidi hiyo, na maji yanayoingizwa ndani yanawasomba walinzi. Ndimu nayo inaweza kuchoma ngozi ya ndani, ambayo ni laini sana.

Walinzi wakipungua

Vijidudu vingine vinachukua nafasi. Mama anaweza kuona majimaji mepesi, meupe ya kijivu, yenye harufu ya samaki, zaidi sana kiisha kulala na bwana yake. Waganga wanaita hali hiyo vajinosi ya bakteria. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema inapata kati ya 23% na 29% ya wanawake wenye umri wa kuzaa. Wengi hawasikii kitu chochote.

Shida ni kwamba harufu inamsukuma mama aoshe tena ndani, walinzi wanazidi kuisha, na harufu inarudi.

Hali hiyo inafanya virusi vya UKIMWI kuingia kwa urahisi zaidi, na kwa mama mwenye mimba inaongeza hatari ya kuzaa mtoto mbele ya wakati. Vijidudu vinaweza pia kupanda mpaka kwenye kizazi na mirija yake. Mirija ikipata makovu, inaweza kuziba. Kule Bukavu, watafiti wa Université Catholique wakishirikiana na chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wamewafuatilia wamama wenye mimba ili kuelewa uhusiano wa vijidudu hivyo na watoto wanaozaliwa mapema ama wadogo.

Na ndani ya kizazi?

Zamani waganga waliamini kwamba kizazi hakina kijidudu hata kimoja. Mwaka wa 2016, watafiti wa Hispania walichunguza wanawake 35 waliokuwa wanasaidiwa kupata mimba hospitalini. Wale ambao kizazi chao kilijaa laktobasili walizaa zaidi kuliko wengine. Lakini 35 ni wachache, na kuna wataalamu wanaouliza kama bakteria hao hawakutoka kwenye uke wakati wa kipimo. Mjadala bado unaendelea. Kwa hiyo mtu akikuuzia dawa ya "kusafisha kizazi", ujue hakuna sayansi inayomuunga mkono.

Bwana naye anahusika

Dawa inayotumika sana ni metronidazole, ileile ambayo wengi wanaijua kwa amibe. Lakini ugonjwa unarudi mara nyingi. Utafiti wa Australia uliotangazwa mwezi wa tatu 2025 ulionyesha sababu moja. Mwanamke akitibiwa peke yake, ugonjwa ulirudi kwa 63% ndani ya wiki 12. Bwana akitibiwa pamoja naye, kwa vidonge na dawa ya kupakaa, ulirudi kwa 35%.

Na kama mimba haiji, bwana pia apimwe. Shida inaweza kutoka kwake, na hakuna kuosha kwa mama kunakoweza kuiponyesha.

Cha kufanya

- Osha nje tu, kwa maji safi. Ndani kunajisafisha kwenyewe.
- Majimaji meupe yasiyo na harufu mbaya wala kuwasha ni ya kawaida.
- Ukiona harufu, kuwasha, maumivu ya tumbo la chini ama homa, enda kituo cha afya upimwe. Usinunue ovule wala antibiotiki kwa kubahatisha. Dawa isiyofaa inaua na walinzi pia.
- Kama una mimba, mweleze muuguzi siku ya CPN.
- Aliyebakwa asijioshe ndani. Afike hospitali haraka, mbele ya masaa 72 kuisha, ili apate dawa za kuzuia UKIMWI.

Dada mkubwa ama mama mkwe anayefundisha wasichana anaweza kuanza na neno hili moja: usafi wa mwanamke unaishia nje.