Utangulizi: Historia ya Dunia Ukiwa Ufukweni Mwanza

Ukipanda kilima cha Isamilo alfajiri, jua likiwa bado changa, utaliona ziwa limetulia katikati ya majabali yake, na mitumbwi ya wavuvi wa dagaa inarudi, karabai zimeshazimwa. Ni maji haya ambayo msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliyatazama tarehe 3 Agosti 1858, akayapa jina la malkia wake, Victoria. Vitabu vingi vya shule huanzia hapo. Wewe unayeingia katika somo hili kwa mara ya kwanza, nakukaribisha, na nakuomba usianzie hapo.

Siku ile ina uzito wake. Ilitikisa London, ambako wanajiografia walikuwa wakibishana kuhusu chimbuko la mto Nile. Lakini kwa Msukuma aliyekuwa akiwanywesha ng'ombe wake ufukweni, ilipita kama jana yake. Ziwa lilikuwa na jina, Nyanza, na habari zake zilijulikana mbali. Kule Kazeh, yaani Tabora ya leo, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir ndiye aliyemweleza Speke na mwenzake Richard Burton kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa la Ukerewe. Na katika safari ya kulifikia, Speke alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi Afrika akiwa mtu huru. Maisha ya Bombay peke yake yanatosha kumfunza mtu nusu ya historia ya Bahari ya Hindi.

Ndiyo maana mwanahistoria anapoambiwa kuwa mwaka fulani dunia iligeuka, huuliza kwanza: iligeukia nani? Orodha ya kawaida unaijua: kilimo, chuma, safari za Columbus, viwanda, vita viwili vikuu, uhuru wa makoloni. Sina ugomvi na orodha hiyo. Ninachokataa ni fikra inayomwingia kijana wa Magu au Sengerema anapoisoma, kwamba mambo yote makubwa yalitendeka kwingine na huku ziwani zikafika habari tu.

Tuanze na chuma. Upande wa magharibi wa ziwa, katika nchi ya Wahaya, mwanaakiolojia Peter Schmidt na wenzake walifukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Kisha wakawaomba wazee waliokumbuka kazi hiyo wajenge tanuri upya. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba mafundi wa kale walisukuma hewa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo iliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri, hewa ikapata moto kabla ya kuyafikia makaa, na kilichotoka humo kilikuwa chuma cha pua. Wataalamu wengine wamepinga hoja ya hewa kupashwa moto. Ukale wa kazi yenyewe hauna ubishi, na pamoja nao kuna vyungu vya aina ya Urewe, vinavyopatikana pande nyingi za ziwa, ambavyo vingi vina kibonyeo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alikandamiza kidole gumba udongo ukiwa mbichi.

Ushahidi wa kazi hiyo hauko makumbusho tu. Unaitwa mavi ya chuma, yaani masalia ya madini yaliyoyeyushwa. Ukiyashika ni mazito kuliko ulivyodhani, meusi, yana vitundu vya hewa na mikunjo kama uji uliomwagika ukagandia hapo. Ng'ambo ya Mwanza, katika nchi ya Wazinza, mafundi wa chuma waitwao Walongo waliendelea kufua majembe hadi karne ya 19, na majembe hayo yalinunua chakula, yalilipa mahari, yalilima Usukuma. Mageuko ya zama za chuma, ambayo vitabu huyaweka Anatolia na Ulaya, yana makaa yake hapa.

Mwaka 1492, wa safari ya Columbus, nao uko jikoni kwetu. Michembe na matobolwa, ambayo mgeni huyahesabu kuwa chakula cha Kisukuma tangu enzi na enzi, ni viazi vitamu, na viazi vitamu asili yake ni Amerika, kama ilivyo mihogo na mahindi. Hakuna aliyeandika siku mbegu ya kwanza ilipopandwa huku. Mama aliyevikata viazi hivyo, akavianika juani na kuviweka akiba ya kiangazi alibadilisha namna ya watu kuikabili njaa, na jina lake halimo katika kitabu chochote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo geuko kubwa kuliko yote katika nchi hii, ingawa halina sanamu wala sikukuu. Ni sotoka. Miaka ya mwisho ya 1880 ugonjwa huo wa ng'ombe uliingia Pembe ya Afrika pamoja na mifugo iliyoletwa kwa meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikuwa umeshapita Umasai na kando ya ziwa, na kufikia 1897 ulikuwa Rasi ya Tumaini Jema. Mifugo ilikufa kwa wingi usiosemeka. Nyati na nyumbu walikufa pia. Fikiri maana yake kwa jamii ambayo ng'ombe ndiye mahari, ndiye fidia, ndiye maziwa ya mtoto na samadi ya shamba. Na wakati huohuo Wajerumani walikuwa wakijenga kituo chao Mwanza. Walikuta watu ambao njaa ilikwisha kuwavunja nguvu.

Mambo hayakuishia hapo. Mifugo ilipotoweka, vichaka vilirudi mahali palipokuwa malisho, na vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakaleta malale. Helge Kjekshus aliijenga hoja hii katika kitabu chake cha mwaka 1977. John Iliffe, miaka miwili baadaye, aliandika historia ya Tanganyika yenye picha pana zaidi. Wasome wote wawili uone wanapotofautiana, maana somo hili hukua kwa mabishano. Kisha nenda Serengeti. Chanjo ya sotoka aliyoitengeneza daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake kule Muguga, Kenya, ilipowakinga ng'ombe wa pembezoni, nyumbu walipona nao: kutoka kama 250,000 mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni moja miaka ya 1970 ilipokaribia kwisha. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili kufikia hapo baada ya ndui.

Yaliyofuata ni rahisi kuyafuatilia kwa sababu yana karatasi: Waingereza kuitwaa Mwanza Julai 1916, reli kufika kutoka Tabora mwaka 1928, pamba kwenda viwandani ng'ambo. Hapo nitakutajia kitu kimoja tu, mizani. Wakulima walilalamika kwamba wanapunjwa wanapopimiwa pamba, wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito. Kutokana na madai hayo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955, Paul Bomani akiwa kiongozi, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. TANU, chama kilichopigania uhuru, kilikuwa kimepigwa marufuku Usukumani tangu 1954, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1958. Katika miaka hiyo watu walijifunza kukutana, kupiga kura na kutunza hesabu kwenye vyama vya pamba. Uhuru wa makoloni, ukiutazama kutoka huku, ulianza na mizani.

Kurasa zinazofuata zitakupeleka Misri, Uchina, Baghdad na Paris, na ni lazima uende. Ila kabla ya safari, fanya kazi moja ndogo. Waulize wazee wa kwenu walisimuliwa nini na babu zao kuhusu mwaka wa sotoka, uandike kwa maneno yao wenyewe. Na ukilima ukakuta jiwe jeusi, zito, lenye vitundu, usilitupe pembeni. Liache lilipo, andika jina la mahali, kisha umwite mwalimu wa historia aje kuliona.